Kichupa Nilichokivusha Likoni

Kilichoninyima usingizi mwaka ule wa mwisho kabla ya uhuru hakikuwa siasa, ingawa Likoni nzima ilikuwa ikibishana kama Mwambao ungekwenda na Kenya au ungebaki na Sultani. Kilikuwa matumbwitumbwi.

Niliugua matumbwitumbwi nikiwa na miaka kumi na minne, katika bweni la skuli. Mashavu yalinivimba, wenzangu wakanicheka, na siku ya tano uvimbe ukahamia mahali ambapo mvulana hapataji hata kwa daktari. Nikapona, nikasahau. Miaka saba baadaye, nikiwa chuo kikuu kule Kampala, nilikuwa nikitafuta habari za mto mmoja wa Australia katika kitabu kikubwa cha maarifa, macho yakatua kwenye maelezo ya ukurasa uliotangulia. Yalisema kwamba mwanamume anayeupata ugonjwa ule akiwa amekwisha kubaleghe huenda akakosa uzazi. Huenda. Nilirudi kwenye mto wangu, lakini neno lile lilikwisha kunikaa moyoni.

Mwaka wa kwanza wa ndoa lilikuwa dogo, nililisahau wiki nzima nzima. Mwaka wa nne lilikuwa linalala katikati yetu. Mke wangu akishapitiwa na usingizi, mimi nilianza hesabu zangu. Nilibaleghe lini hasa? Kabla ya matumbwitumbwi au baada yake? Sauti yangu ilianza kukwaruza muhula gani? Uvimbe ulikuwa upande mmoja au pande zote mbili? Nilijihoji kama shahidi mahakamani, na kila nilipopata jibu nikalitilia shaka.

Sikumwambia yeyote. Mke wangu ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kujua, na kwa sababu hiyo hiyo alikuwa wa mwisho ambaye ningeweza kumwambia.

Tulikuwa tukiishi Likoni, vyumba viwili na ua, si mbali na nyumba ya baba yake. Mimi nilisomesha jiografia. Yeye alishona kofia, zile za vito, za matundu yaliyozungushiwa uzi, zinazochukua miezi, na alikuwa na tabia ya kuzungumza huku sindano ikiwa mdomoni, kwa hiyo maneno yake mengi makali yalinifikia yakiwa yamebanwa na meno. Aliniita Bwana Digrii nilipomchosha. Nilimchosha mara nyingi. Siku moja nilisimama sokoni robo saa nikifikiri kati ya nazi mbili, akanijia, akazichukua zote mbili, akanambia, "Haya, sasa wende ukapumzike." Akisoma haya atasema haikuwa robo saa.

Yeye ndiye aliyeanza habari ya kupimwa. Jirani alikuwa amemweleza juu ya daktari mmoja kisiwani, ng'ambo ya kivuko, mama wa Kihindi mtu mzima, aliyesema Kiswahili cha Mombasa kutushinda baadhi yetu na aliyejulikana kwa mambo ya uzazi. Mke wangu alijifunga buibui, akavuka asubuhi, akarudi adhuhuri akiwa amekunja uso.

"Amekataa kunipima," akasema.

"Amekataa? Kwa nini?"

"Amesema, mumeo kwanza. Mwanamume kupimwa ni kichupa tu. Mwanamke ni kupulizwa hewa mpaka ndani ya mirija, na inauma, wengine huzimia. Ati kwa nini aanze na linalouma kabla ya kujua la kichupa?" Akanitazama. "Nimemwambia mume wangu ni msomi, hana neno. Una neno?"

"Sina," nikasema.

Nilijibu upesi mno. Mimi si mtu wa kujibu upesi, naye alijua, lakini siku ile aliniachia.

Nilikwenda kwa daktari nikapewa kichupa cha kioo chenye kizibo, na maagizo. Siku tatu za kujizuia. Kichupa kijazwe nyumbani, kifike maabara ndani ya saa moja. Kisipigwe na baridi. Kiwekwe ndani ya shati, chini ya kwapa, kipate joto la mwili. Ni hayo tu. Mtu mwingine angeyatia kichwani akaenda zake. Mimi niliyaandika kwenye daftari, na nilipofika nyumbani nikaanza kuyachunguza.

Swali la dini nililimaliza kwanza. Kujaza kichupa peke yangu niliona haya mbele ya Mola wangu, lakini kati ya mke na mume kuna njia ambayo wanavyuoni wameiruhusu, na mke wangu, nilipomweleza kwa mzunguko mrefu unaopita kwa masahaba, alinikatiza: "Unataka nikusaidie au unataka kunisomea?" Basi hilo likaisha.

Lililobaki lilikuwa kwapa.

Anayeijua feri ya Likoni ya siku zile atanielewa. Asubuhi pale, mtu hapandi na watu, anapanda na ukoo. Wazee wa mtaa wote wanavuka kwenda madukani na forodhani, na kila mmoja ni shikamoo, na shikamoo yetu si ya mdomo tu: unashika mkono, unainama, unaubusu. Mzee mwingine hukuvuta akukumbatie na kukuuliza habari za nyumbani mpaka mfike ng'ambo. Sasa mtu aliyebana kichupa kwapani atafanya nini? Akinyoosha mkono, kichupa kinaanguka miguuni pa wazee. Asiponyoosha, jioni mtaa mzima unajua kwamba yule mwalimu digrii zimempanda kichwani, hasalimu tena watu. Nikafikiria kwapa la kushoto. Lakini kukumbatiwa hakuchagui upande.

Siku mbili nililigeuza suala hili, na siku ya tatu nikapata jawabu ambalo nilijivunia kweli kweli. Themosi. Tulikuwa na themosi ya kahawa, ya rangi nyekundu, yenye mdomo mpana. Ningetia maji ya vuguvugu, nikitumbukize kichupa humo kikiwa kimefungwa vizuri, na mikono yangu yote miwili ibaki huru kwa wazee.

Asubuhi ile, mke wangu alipoingia kuoga, mimi nilikuwa jikoni. Nilichanganya maji ya moto na ya baridi, nikayapima kwa kiwiko kama nilivyoona mama akipima maji ya kuogeshea mtoto mchanga. Yalikuwa sawasawa. Kisha nikaingiwa na fikira: kuna foleni ya feri, kuna feri yenyewe, kuna mwendo wa kutoka kivukoni hadi maabara. Maji haya yatapoa. Nikaongeza ya moto kidogo, ya akiba. Nikafikiria upepo wa mlangoni mwa bahari. Nikaongeza tena. Nikafunga kifuniko, nikatoka nikiwa na raha ya mtu aliyefikiria kila kitu.

Kwenye feri, wa kwanza kukutana naye alikuwa baba mkwe wangu.

Alikuwa na duka la nguo Likoni na alivuka siku hiyo kuchukua bidhaa. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye kupenda watu na kupenda kahawa zaidi. Nikainama, nikambusu mkono, mikono yangu huru kama nilivyopanga. Akafurahi. Akanipa nafasi kwenye ubao kando yake, kati ya wazee wenzake wawili waliokuwa wakibishana habari za Sultani, na macho yake yakashuka kwenye themosi.

"Mashallah," akasema. "Mwanangu anajua kukutunza. Hebu nimiminie kidogo."

Nikaivuta themosi karibu nami.

"Si kahawa, baba."

"Chai basi. Chai haina makosa."

"Si chai, baba. Ni maji. Maji ya moto."

Wazee waliacha habari za Sultani. Mmoja akanitazama, akamtazama baba mkwe. "Mkweo anapeleka maji ya moto kisiwani?"

"Kisiwani hakuna moto siku hizi," mwingine akadakia. "Wameuzima wauhifadhi mpaka uhuru."

Wakacheka. Baba mkwe hakucheka. Alikuwa amenikazia macho kwa huruma. "Unaumwa, mwanangu?"

"Kifua," nikasema. Ndilo neno la kwanza lililonijia.

"Lahaula! Na hukusema! Mimi nami kifua kimenibana tangu juzi." Akanyoosha mkono, akaichukua themosi mapajani pangu, akaanza kuzungusha kifuniko. "Nipe funda moja tu, inshallah tutapona sote."

Kumnyima mkwe maji ni jambo ambalo sikuwahi kuliona likifanywa na mtu yeyote mwenye wazazi. Lakini kifuniko kilikuwa kinazunguka. Nikamshika mkono, baba mkwe wangu, mbele ya wenzake, nikamshika kwa nguvu.

"Baba, usinywe! Yametiwa dawa ya hospitali. Kwa asiye mgonjwa ni sumu."

Akaiachia kama iliyomchoma. Akasogea ubaoni kidogo, kisha nadhani akajionea haya kwa kusogea, akarudi, akaniwekea mkono begani. Njia nzima iliyobaki alinisomea dua, kwa sauti ya chini, huku wale wazee wawili wakinitazama kama maiti anayejiendea mwenyewe makaburini. Sijapata kupendwa nikaona aibu kiasi kile.

Karibu na maabara niliingia msalani, nikakitoa kichupa majini, nikakifuta kwa leso ya mkono, nikakitia kwapani. Dakika hamsini kamili. Kilikuwa cha moto kuliko kwapa langu, na hilo nililiona ni jema.

Jioni baba mkwe alikuja nyumbani na asali na habasoda, akamwambia binti yake anipikie tangawizi na asiniache nilale penye upepo. Alipoondoka, mke wangu akaniuliza, "Kifua gani?"

"Aliniuliza kama naumwa. Ningemwambia nini?"

Akacheka. Tukala asali ile kwa mkate wa mofa.

Wiki iliyofuata nilikwenda peke yangu kuchukua majibu. Daktari alivaa miwani, akaisoma karatasi, akaisoma tena.

"Mbegu zipo," akasema. "Nyingi. Lakini hakuna hata moja inayokwenda."

"Zimelala?"

"Zimekufa, mwalimu. Zote." Akaniangalia juu ya miwani. "Ilichukua muda gani kufika?"

"Dakika hamsini."

"Hazikupata baridi?"

"La! Hilo nilihakikisha. Nilihakikisha sana."

Akaandika kitu. "Basi sikiliza. Kipimo kimoja si hukumu. Utaleta tena baada ya mwezi, tuone. Usiende kujisumbua."

Yale ya mwisho nayakumbuka leo kwa sababu baadaye nililazimika kuyakumbuka. Siku ile nilisikia *zimekufa, zote*, na nyuma yake matumbwitumbwi yakisema, tulikwambia. Nikaikunja karatasi mara nne, na nilipofika nyumbani nikaitia ndani ya atlasi, kwenye ramani ya Australia, nadhani kwa sababu kule ndiko habari ilikoanzia.

"Majibu?" mke wangu akauliza.

"Bado. Wamesema baada ya mwezi."

Haikuwa uongo mtupu. Niliupima uongo ule pande zote na kuona kwamba kila neno lilikuwa la kweli, na niliona haya zaidi kwa sababu ya kuupima.

Mama yangu aliishi Kisauni, katika nyumba aliyoachiwa na baba, na alitujia Likoni kila Jumapili ya pili. Lazima niseme kwamba hakuwa adui wa mke wangu. Walipendana. Walikuwa na vichekesho vyao ambavyo mimi sikuelezwa, na vingi nadhani vilinihusu. Mama alipokuja, walikaa uani kwenye mkeka, mama akichambua mchele, mke wangu na kofia yake, na mimi niliachwa ndani na madaftari ya wanafunzi. Ndiyo maana Jumapili ile, mama aliponifuata ndani na kurudisha mlango nyuma yake, nikajua ni jambo zito.

"Mwanangu," akasema, "mkeo mimi simchukii. Wallahi, ningekuwa na binti nisingempata kama huyu."

"Najua, mama."

"Lakini wewe ni mmoja. Sina mwingine. Miaka minne."

"Tunapimwa, mama."

"Anapimwa nani?"

Nikanyamaza. Alikuwa ameuliza tu, hakuwa na nia yoyote. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna la kupimwa kwa mwanamume. Na katika kunyamaza kwangu akasikia jibu alilolijua tangu zamani.

"Maskini," akasema kwa huruma ya kweli, akatazama upande wa ua. Kisha akaniambia alichokuja kuniambia. Binamu yake pale Kisauni alikuwa na binti, mtalaka, mtulivu, mwenye watoto wawili tayari. Hakuna wasiwasi naye. Mke wangu asiachwe, haramu. Abaki mkubwa wa nyumba. Ijumaa ijayo mama na wenzake wangekwenda kwa binamu kupeleka maneno ya posa.

"Na mke wangu?" nikauliza.

"Tumezungumza. Muulize mwenyewe."

Nilimwuliza baada ya mama kuondoka. Alikuwa bado mkekani, akitia uzi sindanoni, amefumba jicho moja.

"Mimi nimemwambia mama sitamfungia mtu mlango," akasema. "Kama kasoro ni yangu, nitakuzuia kwa haki gani?"

"Hujapimwa. Hujui kama ni yako."

"Nani mwingine, basi? Wewe?" Alisema kwa mzaha, hata sindano haikusimama. Kisha akaona uso wangu, akadhani nimeumia kwa ajili yake, akanishika goti. "Usifikiri sana, bwana. Mungu hamnyimi mtu. Watoto wake nitawalea, mimi napenda watoto."

Jumatatu nilikwenda skuli, nikasomesha mvua za monsuni madarasa matatu, na sikumbuki nilisema nini. Jumanne vile vile. Nilikuwa na hoja nyingi za kunyamaza. Nikimwambia, nitamvunja moyo kabla ya kipimo cha pili. Nikisema sasa, itaonekana nasema ili kumpinga mama. Pengine Mungu alitaka kunipa mtihani wa subira. Pengine huyo mtalaka wa Kisauni angekataa mwenyewe, mambo yakaisha bila mtu kujua lolote. Hoja hii ya mwisho ndiyo niliyoipenda, na ndiyo iliyonitisha, maana niliona ni aina gani ya mtu ninayegeuka kuwa: mtu anayeomba mwanamke asiyemjua amwokoe na mdomo wake mwenyewe.

Jumatano alasiri nilirudi nikamkuta jikoni juu ya mbuzi, anakuna nazi. Nikachukua atlasi, nikafungua Australia, nikaitoa karatasi, nikaja nikachuchumaa mbele yake.

"Majibu yalitoka," nikasema. "Zaidi ya wiki mbili sasa. Zimekufa. Zote. Ni mimi."

Mkono wake ukasimama. Nikamweleza kila kitu, bweni, uvimbe, kitabu, mto, neno *huenda*. Nilisema bila kupumzika. Hakunikatiza hata mara moja, nami sijazoea kutokatizwa. Nilipomaliza, aliifuta mikono, akaichukua karatasi, akaitazama, ingawa ilikuwa ya Kiingereza, naye Kiingereza hakukisoma.

"Ulijua," akasema, "nami namwambia mama yako sitafunga mlango. Ulijua."

"Nilijua."

Nilidhani atanyanyuka aende kwa baba yake, na ningempa haki. Badala yake akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Ulikipeleka vipi?"

"Nini?"

"Kichupa. Ulitoka mimi nikiwa naoga, sikuona. Daktari aliniambia mimi mwenyewe siku ile, mumeo atie kwapani. Ulitia kwapani?"

"Sikuweza. Wazee. Nilitia kwenye themosi, na baba yako nusura anywe."

"Themosi ya kahawa?"

"Na maji ya vuguvugu. Niliyapima kwa kiwiko. Halafu nikaongeza ya moto kidogo, yasije yakapoa njiani."

"Yasije yakapoa," akarudia taratibu, "ndani ya themosi."

"Ndiyo."

"Bwana. Kazi ya themosi ni nini?"

Nikageuka kuitazama themosi, pale kwenye pembe ya jikoni.

Yeye tayari alikuwa ameanza. Alijaribu kujizuia, akaweka mkono mdomoni, lakini kicheko kikampitia kwenye vidole, akainama mpaka paji la uso likagusa goti lake. "Umezichemsha!" akasema. "Ya Rabbi! Watu wanachemsha mayai, mume wangu amechemsha..." Hakuweza kumaliza. Machozi yalimtoka. "Na baba alitaka kunywa! Baba yangu!" Hapo nami nikashindwa. Tulicheka tukiwa tumeshikana kwenye sakafu ya jikoni, nazi imemwagika, mpaka jirani akauliza kupitia ukutani kama kuna heri. "Heri," mke wangu akamjibu kwa sauti, "mume wangu amejifunza kupika!"

Tulipotulia, nilijiona mwepesi kama niliyepona homa. Na akili yangu, ilipopata nafuu tu, ikarudi kazini. Nikamwambia mpango. Tutapeleka kichupa cha pili. Majibu yatatoka baada ya wiki moja. Yakiwa mazuri, basi hapakuwa na jambo lolote, na hakuna haja ya kumwambia mtu. Yakiwa mabaya, hapo nitazungumza na mama kwa utaratibu.

Alikuwa anaokota nazi. "Na Ijumaa?"

"Nitamwomba mama asubiri kidogo."

"Kwa sababu gani?"

"Nitatafuta sababu."

"Huna upungufu wa hizo." Hakusema kwa ukali. Alikuwa anapepeta vumbi kwenye nazi, chembe chembe. "Miaka minne naulizwa mimi. Arusini naulizwa mimi. Kisimani, msibani, mtu amefiwa na bado ananiuliza. Nimefungwa hirizi, nimekunywa majani machungu mpaka ulimi ukafa ganzi. Mimi sikasiriki, watu ndivyo walivyo. Lakini wewe hujaulizwa hata siku moja. Sasa unangoja kichupa kikusafishe, kisha usiulizwe tena maisha." Akanyanyuka na sahani yake. "Mimi sikwambii ufanye nini. Najua ukiambiwa unafikiri zaidi."

Akaenda kuchuja tui.

Nililala usiku ule, jambo la ajabu. Alhamisi asubuhi nilipeleka ujumbe skuli kwamba siji, nikavuka feri, nikapanda basi la Kisauni. Njiani nilijaribu kupanga maneno, na tulipofika daraja la Nyali, lile la kuelea lililoyumba kidogo chini ya basi, niliona kwamba kila sentensi niliyoipanga ilikuwa na mlango wa kutokea. *Huenda. Inawezekana. Daktari anasema labda.* Na mlango mkubwa kuliko yote ulikuwa ule wa themosi. Nikiwaeleza wanawake wa Kisauni habari ya maji ya moto, watacheka kama mke wangu alivyocheka, mimi nitakuwa kichekesho cha mwaka mzima, na mwisho wa kicheko watafuta machozi na kusema: basi yeye hana kasoro, alhamdulillahi. Na macho yao yatarudi Likoni, kwa mke wangu.

Mama alikuwa barazani pamoja na yule binamu yake, mama wa binti mwenyewe, aliyekuja kwa ujirani, na shangazi yangu mmoja. Mbele yao palikuwa na sinia la posa. Walikuwa wamelipanga tayari kwa kesho yake: leso mbili doti nzima, udi, mafuta ya mawaridi, halua imefungwa kwenye kikapu chake. Nikawaamkia mmoja mmoja. Mama akatabasamu, akidhani nimekuja kutoa idhini.

"Umekuja kuyaona mambo yetu," akasema.

"Nimekuja kusema jambo, mama. Na khala asikie, na shangazi asikie."

"Kaa basi."

Sikukaa. Niliogopa nikikaa nitaanza kufikiri.

"Nimepimwa," nikasema. "Mimi. Kipimo changu kimetoka kibaya. Nitapimwa tena mwezi huu, na sijui kitasema nini. Mke wangu hana kipimo kibaya hata kimoja. Msimpelekee mtu maneno ya posa kwa jina langu, kesho wala siku nyingine."

Shangazi akaweka kikombe chini. Binamu wa mama akatazama pembeni, akaniheshimu kwa kutonitazama. Mama alinikodolea macho kama ninasema lugha ya watu wa bara.

"Amekutuma useme hivi?"

"Hakunituma. Angetaka kunituma angenituma jana."

"Mwanamume hupimwa nini?"

Nikamweleza. Mbele ya shangazi yangu, barazani, mchana kweupe, wapita njia wakitoa salamu, nikamweleza mama yangu nini hupimwa kwa mwanamume, kwa maneno ya kawaida, bila kupitia kwa masahaba. Nikaitoa karatasi nikamsomea kwa Kiswahili. Nilipofika mwisho wa karatasi, nilikuwa na kila sababu ya kuongeza habari moja zaidi, ile ya themosi. Sikuiongeza.

Mama akauliza, kwa sauti ndogo, si kama mama wa mtoto mmoja bali kama mwanamke aliyekumbuka kitu, "Na yale majani niliyokuwa nampa?"

"Alikunywa yote, mama."

"Machungu yale."

"Yote."

Akafunika mdomo kwa pindo la leso yake. Baadaye akalivuta sinia mbele yake, akatoa halua, akatoa udi, akazikunjua zile leso mbili akazikunja upya, vizuri zaidi kuliko zilivyokuwa, na akaniwekea mkononi.

"Hizi mpelekee yeye," akasema. "Na mwambie Jumapili nakuja."